Ziwa Edouard: Mvuvi akikutana na kiboko afanye nini, na kwa nini shauri peke yake halitoshi

Tilapia anayeuzwa asubuhi katika masoko ya Butembo na Beni mara nyingi ametolewa majini usiku. Wavuvi wawili au watatu waliingia ndani ya mtumbwi jua likizama, wakatega nyavu, wakangoja, na wakarudi ufukoni kabla ya mapambazuko ili mama wachuuzi wapate mzigo mapema. Saa hizo ndizo saa za kiboko pia. Giza likiingia anatoka majini kwenda kula majani, na kabla jua halijapanda anarudi. Mvuvi na kiboko wanatumia ziwa moja, ufuko mmoja, na mara nyingi njia moja.

Watu wanaopiga mbizi baharini kwa starehe wanafundishwa kabla ya kuingia majini: ukikutana na papa mkali, fanya hivi, usifanye vile. Wanaonyeshwa, wanaulizwa maswali, ndipo wanaruhusiwa kushuka. Ziwa Edouard halina papa. Lakini lina mnyama mzito kuliko papa wengi, mwenye hasira ya haraka, na wanaokutana naye si watalii wenye mitungi ya hewa mgongoni. Ni baba wa watoto, ni vijana waliokosa kazi nyingine, ni akina mama wanaoshuka kuteka maji. Mengi wanayojua kuhusu mnyama huyo wameyapata kwa masikio, kutoka kwa mzee hadi kijana. Mengine ni sahihi, mengine yanaua.

Swali la mvuvi afanye nini akikutana na kiboko linaonekana dogo mbele ya vita inayoendelea katika Kivu ya Kaskazini. Lakini ukilifuata unafika mbali: unafika kwenye samaki wanaopungua, kwenye mpaka wa Uganda, kwenye ugonjwa wa kimeta ulioua viboko mwaka 2025, na kwenye wajibu wa serikali kwa raia wanaoishi ndani ya mbuga.

Ziwa moja, wenyeji wawili

Ziwa Edouard lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,200, na karibu sehemu saba kati ya kumi ziko upande wa Kongo. Sehemu hiyo yote imo ndani ya Mbuga ya Virunga, mbuga ya kwanza kuundwa Afrika, mwaka 1925. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1979, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Vijiji vitatu vya wavuvi vinatambuliwa kisheria kwenye ufuko wa Kongo: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Hiki cha mwisho, kilichoko upande wa kaskazini mwa ziwa, ndicho kilicho karibu zaidi na walaji wa Butembo na Beni. Vijiji vingine vimeota kando kando wakati wa vita, bila ruhusa na bila huduma.

Katika miaka ya 1970, Virunga ilihesabiwa kuwa na viboko zaidi ya 27,000. Hakukuwa na mahali pengine duniani penye viboko wengi namna hiyo. Kisha zikaja vita. Askari wa kila upande, waasi na majangili waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Kufikia mwaka 2006 walikuwa wamebaki mamia tu. Ulinzi ulipoongezwa idadi ilianza kupanda taratibu, na mwaka 2025 walikadiriwa kuwa karibu 1,200. Ni chini ya mmoja kati ya ishirini wa wale wa zamani.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Viboko wamepungua, lakini watu wa ufukoni wameongezeka. Familia zilizokimbia mashambulizi vijijini zimeshuka ziwani kwa sababu ziwa halidai shamba wala mtaji mkubwa. Mtu aliyezaliwa mlimani Lubero, aliyelima maharagwe na viazi maisha yake yote, anaingia kwenye mtumbwi bila kujua kuogelea wala kusoma maji. Mzee wa Kyavinyonge akiona mapovu yanapanda kwa mstari anajua ni nani anayepita chini. Mgeni anaona mapovu tu.

Kiboko si papa

Mafunzo ya wapiga mbizi kuhusu papa yanajulikana. Usipige maji ovyo. Usikimbie. Mtazame mnyama wakati wote, jisogeze polepole kuelekea mwamba au chombo, kaa karibu na mwenzako. Akija kabisa, mpige puani, machoni au kwenye matamvua. Mashauri haya yanafaa kwa sababu papa mara nyingi anakuja kwa udadisi au kwa kukosea, na akiona mtu si windo rahisi anaweza kuondoka. Papa wenyewe hawaui watu wengi kama filamu zinavyotisha. Kumbukumbu za kimataifa zinazowekwa Florida, Marekani, zilihesabu mwaka 2024 watu 47 tu duniani kote walioumwa na papa bila kuwachokoza.

Kiboko yuko tofauti. Hali nyama ya mtu, wala hahitaji kumjaribu. Anakula majani, karibu kilo 40 kwa usiku mmoja. Anashambulia kwa kulinda: sehemu yake ya maji, mtoto wake, au njia yake ya kurudi ziwani. Dume anaweza kupita kilo 1,500, na meno yake ya pembeni yanaweza kufika nusu mita. Anaweza kukaa chini ya maji dakika tano. Haogelei kama samaki, anakanyaga sakafu ya ziwa na kuruka. Nchi kavu anakimbia karibu kilomita 30 kwa saa, na hapo mtu wa kawaida hamwezi.

Kwa hiyo utulivu wa mpiga mbizi unafaa pia kwa mvuvi, lakini kusimama na kumtazama kiboko uso kwa uso hakufai, na kumpiga hakufai kabisa. Mbele ya papa swali ni ufanye nini. Mbele ya kiboko swali la kwanza ni uko wapi. Anayekaa kati ya kiboko na maji, au kati ya mama na mtoto wake, amekwisha kukosea kabla hajafanya chochote.

Matukio ya jirani yanaonyesha hatari hiyo. Mwezi Desemba 2022, huko Katwe, upande wa Uganda wa ziwa hili hili, kiboko alimkamata mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akicheza karibu na nyumba yao, umbali wa mita 800 hivi kutoka majini. Jirani alimpiga mnyama kwa mawe, akamtema mtoto. Polisi ya Uganda ilisema mtoto alipona. Wengine hawakupata bahati hiyo. Mei 2023, kwenye mto Shire nchini Malawi, kiboko alipindua mtumbwi uliobeba watu zaidi ya 30. Mtoto mchanga alikufa na watu 23 hawakuonekana. Agosti 2018, kando ya ziwa Naivasha nchini Kenya, mtalii aliyemsogelea kiboko kwa kupiga picha aliuawa.

Kisa cha Katwe kina mafunzo mawili. Kwanza, mita 800 si mbali kwa kiboko. Pili, mawe yalimwokoa mtoto mara moja, lakini hayageuki kuwa kanuni. Kumrushia mawe kiboko asiye na mtu mdomoni ni kumwita.

Ndani ya mtumbwi

Waongozaji wa mitumbwi kwenye mto Zambezi, ambako watu hupita katikati ya viboko karibu kila siku, wana desturi ambazo zinaweza kusaidia kwenye Ziwa Edouard.

Ya kwanza ni kujitangaza. Kiboko aliyeshtushwa ni mbaya kuliko kiboko aliyesikia. Wanagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia kila baada ya muda, ili waliomo chini wainue vichwa na kuonekana. Mvuvi anayenyemelea kimya gizani karibu na matete anajiweka juu ya mgongo wa mnyama bila kujua.

Ya pili ni kumwachia kiboko maji marefu. Kiboko akiogopa anakimbilia kilindini. Ukipita upande wa kilindi umemfungia mlango, na atatoka kwa kukupitia. Akiwa majini, pita upande wa maji mafupi, mbali naye, ili kilindi kibaki wazi kwake. Akiwa nchi kavu, usipite karibu na ufuko kati yake na ziwa. Zunguka mbali.

Ya tatu ni kuhesabu. Ukiona vichwa vitano na kimoja kikazama, usiendelee mpaka ujue kimetokea wapi. Aliyezama akielekea kwako, huku maji yakivimba kama wimbi dogo, anakuja. Hapo ni kupiga kasia kwa nguvu kuelekea maji mafupi au ufuko usio na wanyama, bila kugeuka kutazama.

Ya nne ni kusoma mdomo. Kiboko anayefungua kinywa kwa upana hapigi miayo kwa usingizi. Anaonyesha meno. Akitoa sauti ya kukoroma, akitikisa kichwa na kurusha maji, amesema neno la mwisho. Wengi waliumia kwa sababu walicheka au walitoa simu wapige picha.

Na mtumbwi ukipinduka? Katika ajali za namna hii watu wanakufa kwa maji pia, si kwa meno tu. Waongozaji wa Zambezi wanafundisha kuondoka karibu na mtumbwi, kwa sababu mara nyingi kiboko anaukasirikia mtumbwi wenyewe na anaendelea kuupiga. Lakini shauri hilo linafaa kwa mtu aliyevaa jaketi la kuokoa. Asiyejua kuogelea na asiye na jaketi hawezi kuachilia ubao alioushika. Ndiyo maana jaketi la kuokoa lina nguvu kuliko mashauri mengine yote hapa. Asiyeweza kulinunua apate angalau dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri, liwe ndani ya mtumbwi kila safari.

Ufukoni na njiani

Viboko wanarudia njia zile zile usiku kwa usiku. Majani yanalala, udongo unachimbika, na mahali pengine inakuwa kama mfereji. Njia hizo ni rahisi kutembea, na ndiyo sababu watu wanazitumia. Ni kosa. Kutoka saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi, njia ya kiboko ni ya kiboko.

Anayelazimika kutoka usiku achukue tochi, atembee na wenzake, wazungumze kwa sauti. Akikutana na kiboko kwa umbali, arudi nyuma polepole alikotoka, na ahakikishe hajasimama kati ya mnyama na ziwa. Akishambuliwa, asikimbie kwa mstari mrefu kwenye uwanda, na asikimbilie majini. Apande mti, aruke nyuma ya kichuguu, nyuma ya ukuta, nyuma ya gari, chochote kikubwa kinachomzuia mnyama. Mara nyingi kiboko akiona njia yake ya maji imefunguka hafuati tena.

Mamba naye yumo, ziwani na kwenye mto Semliki unaoanzia Ishango. Tabia yake ni ya mwizi mvumilivu: anasoma ratiba ya mtu. Mama anayeteka maji mahali pamoja, saa ile ile, kila siku, anamfundisha mamba wapi pa kungojea. Kubadilisha mahali, kuteka kwa ndoo yenye kamba bila kuingiza miguu majini, na kuzungushia miti sehemu ya kutekea ni kazi ndogo inayookoa watu. Mbele ya mamba aliyekwisha kushika, shauri ni tofauti na lile la kiboko: pigana, mdunge macho, piga kelele, usingoje aachie mwenyewe, maana akianza kujizungusha anavunja kiungo.

Aliyeumwa na kiboko au mamba asihesabiwe amepona kwa sababu damu imekatika. Meno hayo yanaingiza uchafu ndani sana. Jeraha libanwe kwa kitambaa safi kwa nguvu, lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni damu ikishatulia, na mtu apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo kwa dawa za vijidudu na chanjo ya pepopunda. Hapo ndipo tatizo lingine linaanza. Kutoka ufukoni hadi hospitali yenye chumba cha upasuaji ni safari ya pikipiki kwenye barabara mbovu, na barabara ya Kasindi–Beni imeona mashambulizi ya waasi wa ADF mara nyingi. Mgonjwa wa usiku mara nyingi anangoja asubuhi.

Kwa nini mvuvi anamsogelea

Mtu anaweza kuuliza: kama mvuvi anajua kiboko yuko kwenye matete ya ufukoni, anakwenda kule kufanya nini?

Anafuata samaki. Ghuba zenye maji mafupi na matete ndimo samaki wanataga na watoto wao wanakua. Sheria inakataza kuvua humo kwa sababu ukivua mama na watoto umemaliza ziwa. Lakini sehemu za mbali zimefungwa kwa njia nyingine. Upande wa mashariki kuna mpaka ambao hauna alama inayoonekana usiku, na askari wa majini wa Uganda wamekamata wavuvi Wakongomani mara nyingi pamoja na nyavu na moteri zao. Julai 2018 askari wa nchi hizi mbili walirushiana risasi ziwani na watu walikufa. Upande wa kusini, Vitshumbi iliingia mikononi mwa M23 mwezi Machi 2024. Na ufukoni kwingine kuna makundi yenye silaha yanayotoza watu fedha.

Mvuvi wa Kyavinyonge anabaki na sehemu ndogo ya maji. Akienda mbali anaogopa jela ya Uganda au risasi. Akibaki karibu anaingia kwenye ghuba za kuzalia, na humo ndimo viboko wanakaa mchana kutwa. Wavu wa matundu madogo unaokatazwa na mahali pa kukatazwa vinakwenda pamoja, na vyote viwili vinampeleka kwa kiboko. Ndiyo sababu ulinzi wa ghuba za kuzalia, ambao wavuvi wengi wanauona kama adhabu ya ICCN, ni ulinzi wa maisha yao pia. Lakini hauwezi kukubalika kama unakuja na bunduki tu, bila njia nyingine ya kula.

Kuna kitu kingine ambacho wazee wa ziwa wanakisema na wataalamu wanakubaliana nacho. Kiboko anakula nchi kavu na anaacha mavi majini. Mavi hayo yanalisha mimea midogo ya maji, na mimea hiyo ni chakula cha tilapia. Viboko walipochinjwa kwa maelfu, ziwa lilipoteza mbolea iliyokuwa inaingia kila siku bila malipo. Kupungua kwa samaki kuna sababu nyingi, na uvuvi wa kupita kiasi ni kubwa kati yao. Hata hivyo mvuvi anayefikiri kwamba kuua kiboko ni kumwondoa mshindani anaondoa pia mlishaji wa samaki wake.

Kiboko aliyekufa naye anaua

Mwezi Aprili 2025 hatari ilibadilika sura. Mizoga ya viboko ilionekana ikielea kwenye mto Ishasha na kusini mwa Ziwa Edouard. Tarehe 8 Aprili mkurugenzi wa Virunga, Emmanuel de Merode, alieleza kwamba vipimo vilithibitisha kimeta, ugonjwa ambao wengi hapa wanaujua kwa jina la Kifaransa la charbon. Viboko wasiopungua 50 walikuwa wamekufa, pamoja na wanyama wengine wakubwa, wakiwemo nyati. Kwa mbuga yenye viboko karibu 1,200 hiyo ni karibu mmoja kati ya 24. ICCN iliwaambia wakaaji wasiguse wanyama wa pori na wachemshe maji kabla ya kunywa. Walinzi walijaribu kuzika mizoga, lakini mahali penyewe ni pagumu kufika na vifaa vilikuwa vichache.

Kimeta si kitu kipya katika bonde hili. Mwaka 2004 kiliua viboko wengi katika mbuga ya Queen Elizabeth upande wa Uganda. Mbegu za ugonjwa huo zinaweza kukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Mtu anaupata kwa kugusa mnyama aliyekufa akiwa na kidonda, kwa kula nyama yake, au kwa kuvuta mbegu hizo kwa pumzi. Dalili inayoonekana zaidi ni kidonda cha ngozi chenye kigaga cheusi katikati, ambacho mara nyingi hakiumi sana, na hivyo watu wanakidharau. Dawa zipo na zinafaa zikianza mapema. Aliyekula nyama ya mzoga akaanza kuharisha damu, kutapika na kupata homa asingoje hata siku moja.

Hapa kanuni ya mvuvi inageuka. Kiboko aliye hai unamkwepa kwa sababu ya meno. Kiboko aliyelala bila kusogea unamkwepa kwa sababu ya damu. Kumpasua ni kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu vijidudu vikikutana na hewa ndipo vinajigeuza kuwa mbegu zinazodumu. Katika eneo lenye njaa na watu waliokimbia makwao, tani moja na nusu ya nyama iliyolala ufukoni ni jaribu gumu. Kuwaambia watu wasiguse bila kuwapa chakula, na bila kuondoa mzoga haraka, ni kuwaachia vita wapigane peke yao.

Nyama ya namna hiyo haibaki ufukoni. Inakauka kwa moshi, inapanda milimani, na ikifika sokoni Butembo au Beni hakuna jicho linaloweza kuitofautisha. Kwa hiyo mlaji wa mjini ana sehemu yake: asinunue nyama ya pori yenye bei ya ajabu na asiyojua imetoka wapi.

Mzigo ni wa nani

Kazi ya kwanza ni rahisi na haingoji amani. Vyama vya wavuvi, kwanza ushirika wa COPEVI, vinaweza kufanya jaketi la kuokoa na mafunzo ya siku moja kuwa sharti la kupata kibali, kama wapiga mbizi wanavyofundishwa kabla ya kushuka. Mwalimu hahitaji kutoka Ulaya. Wazee wa Kyavinyonge na Vitshumbi wanajua mapovu, vichwa na saa. Radio za Butembo na Beni zinaweza kupeleka maneno yao kwa Kinande na kwa Kiswahili saa ambazo wavuvi wanajitayarisha.

Kazi ya pili ni ya ICCN. Raia anayeadhibiwa akiua kiboko anataka kujua nani atamsaidia kiboko akimuua mume wake. Nchi jirani zimelijibu swali hilo kwa sheria. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2013, ilipanga fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama wa pori. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2019, iliunda mfuko wa fidia. Malipo katika nchi hizo yanachelewa na watu wanalalamika, lakini mlango wa kugonga upo. Mjane wa Kyavinyonge anahitaji mlango huo pia. Bila hivyo, kila kifo kinazaa chuki dhidi ya mbuga, na chuki hiyo inazaa majangili.

Kazi ya tatu ni ya serikali. Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na baada ya Goma kuanguka Januari 2025 gavana wa kijeshi anafanyia kazi Beni, si mbali na ziwa hilo. Alama za mpaka majini, makubaliano na Kampala kuhusu wavuvi wanaokamatwa, vituo vya afya vyenye dawa na chanjo ufukoni, na gari la kubeba mgonjwa usiku ni mambo yanayoweza kuamuliwa mezani. Hayo yakifanyika, mvuvi atapata nafasi ya kutega wavu mahali pasipo na viboko.

Mpaka siku hiyo ifike, anabaki na kasia, tochi na akili yake. Agonge ubavu wa mtumbwi, amwachie mnyama maji marefu, asipite njia ya usiku, asiguse mzoga. Akifuata hayo hatamaliza hatari ya Ziwa Edouard, lakini ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani asubuhi, na mama anayengoja mzigo ufukoni atapokea samaki badala ya habari mbaya.